Fungua Kasha Kwanza

Mpwa wangu alishuka Kitale Jumamosi moja ya Desemba 2025 kwa matatu ya kutoka Bungoma, pesa za mahindi mfukoni na orodha kwenye simu. Mahindi yenyewe aliyalima kwenye ekari moja ya kukodi upande wa Kiminini. Alivuna, akauza, akalipa deni la mbolea, akabaki na shilingi 70,000. Orodha alipewa na rafiki yake aliyejenga kompyuta ya gemu mwezi Juni: prosesa ya Ryzen 5 8500G, ubao mama wa AM5, RAM ya DDR5 ya GB 32, SSD, kasha na pawa saplai. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa bei ya Juni pembeni.

“Mjomba,” akaniambia, “naomba unisindikize Nairobi. Sabini inatosha.”

Nikamwambia tupige simu kwanza, nauli si mchezo. Prosesa bei yake ilikuwa pale pale. Ubao mama vivyo hivyo. Tulipofika kwenye RAM, muuzaji alinyamaza kidogo, kisha akataja 42,000. Yule rafiki alikuwa amelipa 14,000. Mpwa wangu alidhani muuzaji amesikia ni mtu wa mashambani akaamua kumkamua, kwa hiyo tukapiga duka la pili. Huko walisema 45,000. Duka la tatu hawakutaja bei kabisa. Walituambia tupige tena kesho asubuhi, kwa sababu bei ya leo haitakuwa ya kesho. Nimenunua vifaa vya kompyuta tangu enzi za diski za kupachika, na sijawahi kuambiwa RAM inauzwa kama nyanya.

Nilichomwambia siku hiyo ndicho ninachotaka kukuambia wewe uliyeko Kitale, Bungoma, Webuye au Kimilili ukiwa na pesa zako kidogo na hamu ya kucheza. Zamani tuliwafundisha watu waanze na kadi ya grafiki, wakishaipata wajenge mengine kuizunguka. Ushauri huo ugeuze. Siku hizi anza na RAM, na siyo RAM ya dukani. Tafuta RAM ambayo tayari imo ndani ya mashine, iwe yako au ya mtu anayeuza. Aina ya RAM hiyo ndiyo itakayokuamulia ubao, prosesa, na hatimaye kadi.

Sababu ya bei hizi haiko kwenye maduka ya Luthuli wala Moi Avenue jijini Nairobi. Sehemu kubwa sana ya RAM za dunia hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo zimepata mteja mwenye mfuko mrefu kuliko sisi sote tukichanga pamoja, yaani wajenzi wa vituo vya data vya akili unde. Mteja huyo anataka kumbukumbu maalumu inayobandikwa kando ya chipu kubwa za seva, na kutengeneza GB moja ya aina hiyo kunakula nafasi ya kiwandani karibu mara tatu ya GB moja ya DDR5 ya kawaida. Kila mstari wa kiwanda unaohamishiwa huko unapunguza vijiti vya RAM vinavyokuja kwetu. Oktoba 2025, OpenAI ilitangaza makubaliano na Samsung na SK Hynix yanayohusu hadi vigae 900,000 vya silikoni kwa mwezi. Tarehe 3 Desemba, Micron ikatangaza kufunga biashara ya Crucial, chapa iliyowauzia watu wa kawaida RAM kwa miaka 29. Seti ya GB 32 ya DDR5 iliyouzwa Marekani kwa dola 100 hivi katikati ya mwaka ilikuwa imepita dola 300 kabla ya Krismasi.

Kisha bidhaa inafika Kenya. Hata pale ushuru wa forodha ni sufuri, kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, na tozo ya reli iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa Desemba 2024. Hapo karibu moja ya tano imeshaongezeka, na bado hujaweka faida ya mwagizaji, ya mwenye duka wa Nairobi na ya mwenye duka wa Kitale.

Lakini kuna kisingizio kimoja ambacho hupaswi kukikubali. Muuzaji akikuambia “dola imepanda”, mwambie Januari 2024 ilipanda kweli, ikapita shilingi 160, lakini tangu katikati ya mwaka huo imekaa kwenye 129 hivi. Kadi au kasha lililopandishwa bei kwa jina la dola, hapo kuna nafasi ya kuvutana. RAM na SSD ndizo zenye sababu ya kweli, kwa maana chipu za SSD nazo zimefuata njia ile ile.

Basi mashine yenye RAM ndani utaipata wapi? Kwa wauzaji wa ex-UK. Hizi ni kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya miaka mitatu, minne, mitano, zikaondolewa kwa mkupuo na kusafirishwa huku kwa kontena: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Kitale zipo, Bungoma zipo, na Nairobi zimepangwa kama matofali. Si nzuri kwa macho. Ila ndani yake kuna ubao imara, prosesa nzima, na vijiti vya RAM vilivyonunuliwa kabla dunia haijaharibika. Tena Windows 10 ilikoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zimekuwa zikiziondoa mashine ambazo Windows 11 haizikubali. Zinazoondolewa huko zinakuja kutafuta wanunuzi kama sisi.

Kizazi ndicho cha kuangalia kabla ya rangi ya kasha. Prosesa za Intel zinajieleza kwa namba: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-4570 cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8. Kizazi cha 3, kama kile cha OptiPlex 7010 ya 2012, kiache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Gemu kadhaa mpya zinadai maagizo ya AVX2, ambayo Core i zilianza kuyapata kwenye kizazi cha 4, mwaka 2013. Bila hayo gemu haifunguki kabisa, hata uweke kadi ya aina gani. Kizazi cha 4 kinatumia DDR3 na bado kinasukuma GTA V na gemu za mpira za miaka iliyopita. Kizazi cha 6 na cha 7 mara nyingi huja na DDR4. Ila kama mfuko unaruhusu, simama kizazi cha 8. Hapo i5 ilitoka viini vinne ikawa sita, na hapo ndipo Windows 11 inapoanza kuikubali mashine rasmi. Na usidharau hilo la Windows: Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7, zote za 2025, zinadai TPM 2.0 na Secure Boot ndipo zikuruhusu kuingia. Mtu anaweza kuwa na kadi ya nguvu na akafungiwa mlangoni na ubao wa zamani.

Angalia pia umbo. Zile ndogo kama kitabu, zinazofungwa nyuma ya monita, zinatumia RAM ya laptopu na hazina pa kuweka kadi. Hizo mwachie karani. Zile nyembamba za kulaza zinapokea kadi fupi pekee. Unayoitaka ni ile ya kusimama, pana, yenye sloti ndefu ndani.

Sasa nije kwenye kichwa cha makala haya. Tulipata OptiPlex 7060 ya kusimama hapa Kitale, i5-8500, SSD ya GB 256. Kwenye kikaratasi kilichobandikwa mbele iliandikwa RAM GB 16, na bei 30,000. Kijana wa duka aliiwasha, Windows ikafunguka, kila kitu sawa. Mpwa wangu tayari alikuwa ameshika simu kulipa. Nikamwomba yule kijana atufungulie ubavu. Akasema haina haja, mashine ni safi. Nikamwambia sina shaka na usafi. Ubavu wa OptiPlex unafunguka kwa kuvuta kilimi kimoja tu, sekunde tatu, kwa hiyo mtu anayekataa kuufungua ana jambo lake.

Ndani kulikuwa na sloti nne za RAM na kijiti kimoja. GB 8. Sloti ya jirani ilikuwa safi bila vumbi hata chembe, huku zile mbili nyingine zikiwa zimejaa vumbi la Uingereza la miaka mitano. Kijiti kiling'olewa si zamani.

“Wiki iliyopita kilikuwepo,” akasema kijana, na nadhani alikuwa akisema kweli.

Sikumlaumu sana. RAM ikishakuwa ghali kuliko prosesa, mashine zinaanza kuchinjwa kama ng'ombe, kiungo kimoja kimoja. Tuliteremsha bei hadi 27,000. Wewe ukienda, usisome kikaratasi. Fungua kasha, hesabu vijiti, soma kibandiko cha kila kijiti, kisha washa mashine ulinganishe na namba ambayo Windows inakuonyesha. Vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa pamoja. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki tofauti hiyo unaiona kwa macho, fremu zinaongezeka bila kununua kitu kingine.

Kijiti cha pili tulikipata Bungoma, kwa fundi anayetengeneza kompyuta za shule. Alikuwa na sanduku lenye mbao mama mbili tatu zilizokufa, mojawapo imeunguzwa na radi, RAM yake ikanusurika. GB 8 ya DDR4, shilingi 4,500. Miezi sita kabla ya hapo angetupa kwa elfu mbili na soda. Mafundi wa aina hii ndio hazina ya sasa. Wapitie kabla ya kwenda dukani, ukiwa na mashine yako mkononi ili ukijaribu kijiti papo hapo. Kijiti kibovu hakijifichi kwenye programu ya MemTest86. Iache izunguke saa moja huku mkinywa chai.

Kwenye kadi ya grafiki ndipo vijana wengi wanapopigwa, na wanapigwa kwa sababu wanatazama jina. Ukiona inatangazwa GTX 1050 Ti kwa bei ya kushangaza, kabla hujauliza lolote geuza kadi uangalie matundu yake. Ikiwa na tundu la VGA, lile la bluu lenye pini kumi na tano, irudishe mezani. Nvidia iliacha kutoa ishara ya VGA kuanzia kadi za GTX za mfululizo wa 10, kwa hiyo hiyo unayoonyeshwa karibu hakika ni chipu ya zamani, ya enzi za GTS 450, iliyoandikiwa jina jipya ndani ya programu yake. Windows itakuambia ni 1050 Ti kwa sababu Windows inaamini inachoambiwa. Programu ndogo ya bure ya GPU-Z haiamini. Ikikutana na kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Iweke kwenye flashi na utembee nayo.

RX 580 nayo ina pacha. Ile halisi ya 2017 ina viini 2,304. Zilizojaa kwenye maduka ya mtandaoni ya China ni 2048SP, ambayo kwa ndani ni RX 570. Si kadi mbaya, ila usilipe bei ya moja ukapewa nyingine. Na nyingi zilikaa kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za kidijitali mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji ule na kadi zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo hata ikiwa nzima, feni zake zimechoka. Zungusha feni kwa kidole. Ikikwaruza, toa gharama yake kwenye bei.

Jambo lingine kuhusu kadi za mfululizo wa 10 kama GTX 1060: Oktoba 2025 Nvidia iliacha kuzitolea draiva mpya za gemu, zikabakiziwa marekebisho ya usalama tu. Gemu ulizo nazo zitaendelea kucheza. Ila usitoe pesa nyingi kwa kadi ambayo mwenyewe ameshaiaga.

Mpwa wangu alitaka RTX 3060. Nikamwonyesha kibandiko cha pawa saplai ya OptiPlex: wati 260, bila hata waya wa kulisha kadi. RTX 3060 peke yake inakula wati 170. Kadi inayochomekwa kwenye sloti bila waya wa ziada haipaswi kuvuta zaidi ya wati 75, basi chaguo linakuwa fupi: GTX 1650 isiyo na tundu la waya, au RTX 3050 ya GB 6 inayovuta 70. Sisitiza GB 6, kwa sababu ile ya GB 8 yenye jina hilo hilo inakula 130 na inataka waya. Tulinunua ya GB 6, mpya, 34,000. Hiyo ndiyo iliyobeba nusu ya bajeti, na sijutii, kwa maana siku OptiPlex itakapostaafu kadi itahamia mashine nyingine.

Unaweza kuniuliza kwa nini tusibadilishe pawa tu. Kwa mashine za kampuni hizi plagi za ubao si za kawaida, utahitaji adapta, na hapo unaingia mikononi mwa wauza pawa za bei nafuu. Nimewahi kuuziwa moja ya “wati 500” nikiwa na haraka. Ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa tupu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipovaa miwani nikasoma mistari midogo: +12V, ampia 18. Zidisha 12 kwa 18 unapata 216. Wati 216 ndizo za kweli kwa kadi na prosesa, nyingine zote zilikuwa za wino. Ilidumu wiki tano, ikafa na diski yangu. Kwa hiyo unaponunua pawa, usisome namba kubwa ya ubavuni. Tafuta mstari wa +12V ufanye hesabu hiyo, angalia alama ya 80 Plus, na ishike mkononi. Nzito ina shaba ndani.

Na kwenye pesa za huku kwetu lazima utenge fungu la stima na radi. Mtu wa Nairobi anaweza kuliruka hili. Sisi mawingu yakishuka kutoka Mlima Elgon saa tisa alasiri, mwezi wa nne, unaona taa zinafifia, zinang'aa kupita kiasi, kisha giza. Mpwa wangu alibakiwa na 4,500, akataka vipokea sauti vya masikioni vyenye taa za rangi. Nikamwambia ni stabilaiza au nirudi nyumbani. Stabilaiza inasaidia stima inapopanda na kushuka, lakini radi haiisikii. Radi ikianza, chomoa ukutani, na uchomoe pia waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta, kwa sababu wengi huchomoa stima wakasahau ule. Ubao ulionipa kijiti cha mpwa wangu uliunguzwa kupitia tundu la mtandao.

Bili nayo ihesabu mapema. Mashine kama hii ikicheza inavuta wati 150 hivi. Saa nne kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi, na kama uniti inakufikia kwa shilingi 28 hivi pamoja na kodi, ni mia tano na kitu. Mashine kubwa ya wati 400 kwa saa hizo hizo ni uniti 48. Nyumba iliyokuwa ikitumia 60 kwa mwezi inavuka 100, na kwa Kenya Power kuvuka 100 ni kuhamia kundi la bei ya juu, kwa hiyo hata friji ya mama inaanza kulipa gharama ya gemu. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia.

Ukinunua Nairobi, kumbuka kilomita karibu 380 zilizoko katikati. Miaka michache iliyopita niliagiza mashine iliyokwisha kuunganishwa, ikaja kama kifurushi cha basi la usiku. Nilipoifungua, kadi nzito ilikuwa inaning'inia na sloti imepasuka mdomo. Aliyeuza alisema ilitoka nzima, aliyesafirisha alisema ilipokelewa hivyo, na wote wawili walikuwa na risiti. Tangu hapo naomba kadi ing'olewe na ifungwe peke yake, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye boksi lenye magazeti. Kuichomeka upya ni kazi ya dakika mbili. Na kabla kifurushi hakijatoka, omba video fupi ya mashine ikiwaka, namba za mfululizo (serial) za vifaa zikionekana.

Watu wa Bungoma huniuliza kuhusu kuvuka Malaba. Uganda VAT ni asilimia 18, juu kuliko yetu, na kitu kikiharibika dhamana imebaki ng'ambo ya mpaka. Sioni faida.

Kuna msomaji ambaye haya yote hayamhusu, na ni vizuri ajue mapema. Kama gemu yako ni mpira tu, wewe na marafiki wanne Jumapili baada ya kanisa, huhitaji kompyuta. Nunua PS4 ya mtumba iliyojaribiwa, na pedi mbili nzima, ubaki na pesa. Kompyuta ina maana kwako ikiwa pia utaifanyia kazi: kuhariri video za harusi, kuchapa, kusoma chuoni Kibabii, au kucheza Counter-Strike na Dota ambazo hazilipiwi. Ukishakuwa nayo, Epic Games hutoa gemu za bure karibu kila wiki. Zichukue hata kama huna nafasi ya kuzipakua leo, zitabaki kwenye akaunti yako. Na kabla hujasema mashine yako imechoka, ingia kwenye mipangilio ya gemu uwashe FSR. AMD iliitengeneza ifanye kazi hata kwenye kadi za wengine: gemu inachorwa kwa ukubwa mdogo kisha inakuzwa. Majani ya mbali yanakuwa na ukungu kidogo, lakini fremu zinarudi.

Safisha pia. Hewa ya Kitale ni baridi, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hiyo ni zawadi ambayo mchezaji wa Mombasa angeilipia. Tunaiharibu kwa vumbi. Msimu wa kupukuchua mahindi, makapi yanaingia kwenye feni mpaka prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine anadhani imezeeka. Brashi laini ya rangi, pesti mpya kwenye prosesa, na kasha kuinuliwa kutoka sakafuni. Nimeona mashine ikifufuka kwa hayo tu.

Usikope. Najua kuna lipa mdogo mdogo ya kila kitu sasa, na najua app za mikopo zinajibu haraka kuliko shangazi. Lakini kukopa ununue RAM leo ni kukopa ununue kitu kikiwa kileleni. Soko hili hupanda na kushuka: mwaka 2023 watengenezaji hao hao walikuwa wakiuza kwa hasara kwa sababu ghala zilijaa. Litashuka tena, ila si wiki ijayo. Viwanda vipya vinachukua miaka, na Micron wenyewe walisema mwishoni mwa 2025 kwamba uhaba utavuka 2026. Kama unangojea DDR5 irudi bei ya Juni ile, panda mahindi misimu miwili zaidi, na katikati ya hapo cheza na ulichonacho.

Mpwa wangu anacheza. Mashine yake ni kasha la kijivu lenye alama ya mkwaruzo na kibandiko cha ofisi fulani ya Leeds ambacho amekataa kukibandua. Ile aliyokuwa nayo mwanzo, EliteDesk 800 G1 yenye vijiti viwili vya DDR3 vya GB 4, iko chini ya meza imefunikwa kwa gunia. Kuna mwenye duka wa Chwele anaitaka kwa ajili ya hesabu za M-Pesa. Mpwa wangu anasema 9,000, yule anasema 7,500 na amfungulie kasha kwanza.